Dhahabu ya Kinywani mwa Inobat

Inobat alikwenda kwa daktari wa meno akiuguza jino moja, akarudi nyumbani na visiki sita. Hayo ndiyo yaliyomfika, na ndiyo maana mtaa wake wote pale Margilan ulimsikia akifoka, yeye ambaye zamani hakusikika ila akicheka.

Alikuwa mjane wa makamo, fundi wa kushona magodoro ya harusi, yale membamba ya pamba wanayokalia wageni. Meno yake sita ya mbele, safu ya juu, yalivikwa kofia za dhahabu zilizoungwa pamoja. Alivikwa mwaka alioolewa, enzi ambazo mwanamke wa bonde la Fergana asiye na dhahabu kinywani alionekana kama aliyeolewa kwa kuhurumiwa. Dhahabu yenyewe ilitoka kwenye hereni za mama yake, zikayeyushwa, na mumewe Ergash, Mungu amrehemu, alikaa nje ya chumba cha daktari kutwa nzima akimsubiri. Inobat alipotoka na kutabasamu, Ergash alisahau hata kumsaidia kuvaa koti. Tangu hapo mwanamke huyo alicheka mdomo wazi. Nyuzi zake alizikata kwa meno hayo hayo, na watu wakimwambia atayaharibu aliwajibu kwamba wao wayaangalie ya kwao.

Mwaka huu jino la chonge, upande wa kushoto, likaanza kumuuma chini ya dhahabu yake. Mwanawe wa pekee, Dilmurod, alikuwa amekuja kutoka Tashkenti, anakofanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Alikuwa na mchumba huko, binti anayeitwa Feruza, na siku ya kumega mkate nyumbani kwao binti ilikuwa imekaribia. Mkate ukishamegwa na pande mbili, ndiyo uchumba umefungwa.

"Mama, usikae na maumivu," Dilmurod alisema. "Shavkat niliyesoma naye amefungua kliniki. Nakupeleka mwenyewe."

Inobat alifurahi moyoni. Kijana amekuwa mtu wa mji mkuu na bado anamkumbuka mama na jino lake.

Shavkat aliligonga lile chonge kwa kijichuma, Inobat akaruka kitini.

"Linauma ndani, shangazi, chini ya kofia. Lazima nifungue nione."

"Fungua, mwanangu. Ni hilo tu?"

"Wewe tulia. Niachie mimi."

Akachomwa sindano za ganzi, moja baada ya nyingine, mpaka mdomo wa juu na pua vikawa kama vya mtu mwingine. Akavishwa miwani ya giza. Mashine ikaanza kulia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, harufu ya chuma kilichopata moto ikamjaa kooni, naye akawa anajiuliza jino moja lina kazi gani ndefu namna hii. Mara moja aliinua mkono ili aulize. Mkono ukashikwa taratibu, ukarudishwa tumboni kwake.

"Tunakaribia kumaliza, shangazi."

Baadaye, katika yote aliyoyakumbuka, hilo la kurudishiwa mkono ndilo lililomchoma zaidi.

Kiti kilipoinuliwa akapewa maji asukutue. Ulimi ulipanda juu kutafuta mahali pake pa kila siku, ukakuta vijiti. Ukapita huku na huku, vijiti vitupu. Akavua miwani. Shavkat akampa kioo huku anatabasamu, na ndani ya kioo alikuwamo bibi mmoja mwenye vitu vya kahawia mdomoni, vyembamba, vimekatika hovyo, kama shamba la pamba baada ya mavuno. Pembeni, kwenye sahani ya chuma, dhahabu yake imelala vipande vipande.

Mlangoni alisimama Dilmurod, simu ameiinua, anamrekodi.

"Mama, zawadi yako!" alisema. "Usiogope, hayo ni ya leo tu."

"Leo nakubandikia ya plastiki, ya muda," Shavkat akadakia. "Wiki ijayo nakuwekea meupe, nimekuchagulia meupe kuliko yote. Siku ya harusi watauliza bi harusi ni yupi!"

Inobat alitaka kusema neno. Alitaka kuuliza nani amewaruhusu, nani kawaambia, mdomo huu ni wa baba zenu? Mdomo haukumtii. Ulikuwa umekufa ganzi, maneno yakatoka kama uji, mate yakamchuruzika kidevuni mpaka kifuani. Hasira ipo, tena imejaa hadi utosini, na pa kutokea hapana. Dilmurod akacheka kidogo, akadhani mama ameshindwa kusema kwa furaha.

Basi Inobat akasema kwa mikono. Akausukuma ule mkono wa mashine ukagonga ukuta. Akachukua sahani ya chuma, akamimina vipande vya dhahabu kwenye leso yake, akaifunga fundo.

"Shangazi, keti kwanza! Visiki havikai wazi, vitakuuma!"

Akampita. Akampita na mwanawe. Akatoka kwa miguu, akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na Dilmurod akamfuata kwa gari polepole kando ya barabara, akiita kupitia dirishani, "Mama, ingia! Mama, watu wanatuangalia!" Kila aliposikia hilo la watu wanatuangalia, Inobat aliongeza mwendo.

Nyumbani, mdogo wake, Hosiyat, alikuwa uani akichambua pamba. Hosiyat naye ana meno mawili ya dhahabu na ulimi ambao majirani wanauheshimu. Alipoona dada yake ameondoa mtandio, pamba ilimwanguka.

"Ni nani aliyekupiga?"

Inobat akamwonyesha Dilmurod anayeingia getini.

Jioni ganzi ilipoanza kuisha, maumivu yakaingia, na sauti nayo ikarudi. Ilirudi yote kwa mpigo.

"Nilikuambia jino moja!"

"Mama, nisikilize. Nilitaka iwe zawadi..."

"Zawadi mtu anafungwa macho? Zawadi mtu anashikwa mkono? Ulimwambia nini yule mwenzako? Ulimwambia mama yangu amekubali?"

Dilmurod aliangalia chini. "Nilimwambia utafurahi ukishaona."

"Kwa hiyo ulimwambia nimekubali."

"Mama, dunia imebadilika! Hakuna mtu Tashkenti anayevaa dhahabu mdomoni. Wanaitania. Wanasema ni ushamba. Mama yake Feruza mwenyewe alipoona picha yako alisema siku ya harusi utang'aa kuliko taa za ukumbi. Unadhani mimi nilijisikiaje?"

Hosiyat alimtazama dada yake, akaona uso unabadilika rangi.

"Alisema hivyo?" Inobat akauliza.

"Nilitaka usidharauliwe, Mama. Basi."

"Ukaamua unidharau wewe kwanza, wasipate nafasi."

"Sikukudharau! Meno yenyewe yameoza chini, Shavkat amesema. Umeona mwenyewe. Yangekuua!"

"Yangeniua, ungeniambia yataniua! Mimi ni mtu mzima, nina masikio. Hayo hamkuyaziba."

Dilmurod naye alipandisha sauti, akasema amefanya kazi kama punda ili mama yake awe na meno kama ya watu, na shukrani ndiyo hii. Akamwambia arudi kliniki kesho, Shavkat anamngoja, mambo yaishe. Inobat akamjibu kwamba mwenye mdomo huu ndiye atakayeamua yataisha lini. Kijana akatoka akibamiza geti.

"Meupe kuliko yote," Hosiyat alisema baada ya muda, akiokota pamba yake. "Kama choo cha hoteli. Ndivyo walivyotaka uwe."

Inobat hakucheka. Alijaribu kunywa chai, joto likampiga kwenye visiki mpaka machozi yakamtoka, na akayakasirikia hata machozi, kwa kuwa mtu angepita sasa angedhani analia.

Kesho yake asubuhi alirudi kliniki kweli. Watu walikuwa wamejaa kwenye viti wakingoja zamu, na Shavkat alipochungulia akamwona, uso ukamkunjuka.

"Ah, shangazi! Nilijua tu. Ingia, ingia."

"Siingii. Jana nilikuwa na mdomo mfu, sikukujibu. Leo ganzi imeisha, nimekuja na jibu." Akaondoa mtandio, akawageukia wale waliokaa, akafunua mdomo wote. "Tazameni vizuri. Nililetwa na jino moja. Moja! Nikamuuliza, ni hilo tu? Akaniambia nitulie. Nikatulia, ndiyo hii. Wewe mwenye shavu limevimba, umekuja na mangapi?"

"Moja, mama," yule mtu akasema, akishika shavu.

"Basi mwambie kwa sauti, wote wasikie, na usivae miwani yake."

"Shangazi, tuongee ndani," Shavkat alinong'ona, amewiva uso. "Mwanao ndiye aliyesema mmepatana. Na mizizi yako miwili ilikuwa imeshaoza, kwa haki ya Mungu. Ile dhahabu ilikuwa inaficha uozo. Nimekuokoa."

"Labda umeniokoa. Sasa niambie. Nilipoinua mkono, ulifikiri nataka nini?"

Shavkat akaanza kuvua glavu zake.

"Nakuuliza wewe, daktari. Mkono wangu ulipopanda, ulifikiri nasalimia?"

Nyuma yake mtu mwenye shavu lililovimba alikuwa ameshasimama anatafuta koti lake, na wanawake wawili wakamfuata. Inobat alijifunga mtandio, akaondoka. Alitegemea kujisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi hata kidogo.

Zikabaki siku chache kabla ya kumega mkate. Dilmurod, aliyekuwa amesharudi Tashkenti, alipiga simu kila siku: Mama, weka yale ya plastiki tu. Mama, basi sema unaumwa, mama mdogo Hosiyat aje peke yake. Mama, basi ukija, funga mdomo. Inobat alikata simu, akachagua gauni lake la hariri, akapanga mikate ya tanuri na halua kwenye mabegi, akapanda treni na mdogo wake. Njia nzima ya milimani alikaa anatazama nje. Maneno aliyotaka kumwambia mama yake Feruza aliyapanga na kuyapangua, na kila alipoyapanga upya yalikuwa makali zaidi.

Mama huyo aliitwa Lutfiya, mwanamke mnene, mpole wa sura, mwalimu wa hesabu. Aliwapokea mlangoni kwa kukumbatia, akawakalisha mahali pa heshima, akamimina chai ya kijani. Kitambaa cha chakula kilikuwa kimetandikwa chumba kizima, juu yake zabibu, lozi, na katikati mikate miwili mikubwa iliyofunikwa, inayongoja kumegwa. Majirani wake watatu walikaa pembeni. Inobat alijibu salamu zote kwa kichwa. Kisha akaondoa mtandio, akamtazama mwenye nyumba usoni, akatabasamu kwa upana wote alioweza.

Jirani mmoja alimwita Mungu kwa sauti. Lutfiya akaliweka birika chini.

"Mkwe wangu! Umepatwa na nini?"

"Ulisema nitang'aa kuliko taa za ukumbi," Inobat akamjibu. "Basi nimezimwa. Umeridhika?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Ulipoona picha yangu."

Lutfiya alimtazama, akamtazama Hosiyat, akarudi kwake. "Mkwe, mimi sijawahi kuiona picha yako. Nilimwomba mwanao mara nyingi aniletee nikujue sura, kila mara anasema ameisahau."

Maneno yote aliyoyapanga Inobat treni nzima hayakuwa na wa kumwendea.

"Mwiteni huyo kijana," Lutfiya akasema.

Dilmurod alikuwa uani na wanaume. Aliingia akiwa na tai shingoni, akaona mtandio wa mama yake uko mabegani, akajua.

"Dilmurod, mwanangu," Lutfiya aliuliza kwa sauti yake ya darasani, "mimi nilisema nini kuhusu meno ya mama yako?"

"Si wewe. Ni... watu wa ofisini. Walikuwa wanatania."

"Ukanitwisha mimi."

Lutfiya aligeuka upande, akaingiza kidole mdomoni, akavuta, kikatoka kibao cha plastiki ya rangi ya waridi chenye meno manne meupe na vikulabu viwili vya waya. Akakishika juu ili wote wakione. Mdomo wake ulikuwa na pengo kubwa, na maneno yakawa yanapuliza upepo.

"Tazama. Haya ni ya kuvua na kuvaa. Usiku yanalala kwenye glasi. Nikila tufaha yanahama. Mimi ndiye wa kumcheka mama yako?"

Hosiyat alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo. Hakuna aliyemfuata. Lutfiya alirudisha meno yake, akayasawazisha kwa ulimi, na alipoongea tena upole ulikuwa umemwisha.

"Mkwe, nisamehe. Leo mkate huu haumegwi. Kijana anayemfunga mama yake macho, akampotosha daktari, kisha akanisingizia mimi, binti yangu atamfanyia nini? Siku moja Feruza atakohoa, ataamka hana mapafu."

Hapo Inobat, aliyekuja na hasira ya kuwamaliza watu wa nyumba ile, alisikia hasira imegeuka ghafla. Mwanamke huyu asiyemjua anamsema mwanawe mbele ya majirani!

"Mwanangu nitamtukana mwenyewe," akasema, akasimama. "Nimemzaa mimi, nina haki. Wewe bado huna."

"Sijamtukana. Nimeuliza."

"Umeuliza vizuri," Inobat akakiri, na kukiri huko kukamchoma. "Ndiyo maana naondoka."

Wakaondoka. Mikate ikabaki mizima chini ya kitambaa chake. Mlangoni Dilmurod alimshika mama yake mkono, macho yamemjaa maji, akasema, "Umeniharibia." Inobat akautoa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe, akashika begi.

Visiki havikumwacha apumzike. Ufizi ulivimba, mikate akawa anailoweka kwenye maziwa kama mtoto, na kwa uzi wa kushonea akanunua mkasi mdogo aliokuwa anausahau kila mara, uzi anaupeleka mdomoni, anakumbuka, analaani. Mwishowe mteja mmoja wa magodoro alimpeleka mjini Fergana kwa daktari mwanamke aitwaye Rano, na Inobat aliingia akiwa amekaza uso kama anaingia kugombana.

"Miwani ya giza sivai," alisema kabla ya salamu.

"Usivae, mama. Shika hiki kioo, na mimi nitakueleza kila ninachokigusa. Ukiinua mkono nasimama."

Inobat alimwangalia kuona kama anamtania. Hakuwa anamtania. Alipoinua mkono mara ya kwanza, kwa kumjaribu tu, daktari alisimama, akangoja. Inobat akaushusha, akasema endelea, na ilimbidi atazame dirishani kidogo.

Rano alimwambia ukweli. Mizizi miwili imeoza na lazima ing'olewe. Minne mingine inaweza kuokolewa. Ila baada ya kung'oa kutakuwa na mapengo, na mapengo yana njia zake. Akamtolea mifano ya meno ya plasta mezani, ile ya kushika na kugeuza. Anaweza kuvaa kibao cha kuvua na kuvaa, ni chepesi kutengeneza ila kinasumbua. Anaweza kuwekewa skrubu za chuma ndani ya mfupa, jino lisimame peke yake, lakini mfupa wake umepungua, itabidi uongezwe na kusubiriwa miezi mingi. Au daraja: ile minne iliyo hai ibebe na yale yasiyokuwepo, yote yaungwe pamoja, yagandishwe yasitoke.

"Kama yalivyokuwa ya zamani."

"Kama yale, ndiyo, ila yatakaa vizuri zaidi kwenye ufizi, uozo usijifiche."

"Kibao nimeshakiona," Inobat akasema. "Nataka daraja. Na dhahabu inawezekana?"

"Inawezekana. Dhahabu, au nyeupe, au uchanganye. Yako hiyo."

Akapewa siku za kufikiri, na hizo ndizo zilizomtesa. Kwanza aliapa ataweka dhahabu, meno yote sita, yanayowaka, Dilmurod amwone akiwa mtaa wa tatu. Alifungua leso, akavipanga vile vipande dirishani. Vilikuwa vidogo kuliko alivyovikumbuka. Akakaa navyo asubuhi nzima, na kadiri alivyovitazama ndivyo alivyojua kwamba havirudi kuwa hereni za mama yake wala siku ile ya Ergash na koti. Ukweli ni kwamba, miaka michache nyuma, kabla ya yote haya, alimwona jirani yake na meno meupe mapya na yakampendeza. Alikuwa amefikiri kwamba siku moja, labda. Hakuwahi kumwambia mtu. Na sasa hata hilo lilikuwa limeporwa! Akiweka meupe, watasema mwanawe alikuwa na haki. Akiweka dhahabu kwa kumkomoa, bado ni Dilmurod aliyemchagulia. Alizunguka uani akiongea peke yake mpaka Hosiyat akamwambia ama aende kwa daktari au aende kwa mganga wa wazimu.

Alikwenda kwa daktari. Rano alimwekea mbele ya kioo msururu wa vijino vya mfano, kutoka cheupe kama chokaa mpaka cha rangi ya siagi. Inobat alivisukuma pembeni vyote vya mwanzo. Akachagua kile kilichofanana na meno yake ya chini, manjano kidogo, ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote.

"Hiki. Na ukiniletea cheupe kuliko hiki nakurudishia usoni."

"Nimekusikia, mama," Rano akacheka.

Kazi ilipokamilika Dilmurod alikuja Margilan bila kutangaza. Alikuwa amekonda. Feruza hakumwacha, ila alimwambia asimpigie simu mpaka atakapomwambia. Alimkuta mama yake uani anashona, na Inobat alipoinua uso, kijana aliyaona. Uso wake ukafunguka kwa nafuu kubwa.

"Mama! Si nilikuambia? Tazama ulivyopendeza! Si nilikuambia?"

Sindano ilisimama hewani. Inobat alikuwa amejiandaa kwa mengi, hata kwa kumsamehe, lakini kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Toka."

"Mama, nimesema tu umependeza..."

"Toka nje ya nyumba yangu! Huna ulichoniambia! Hukuniambia kitu, ndiyo kesi yenyewe! Nimeyachagua mimi, kwa macho yangu, nikiwa nimekaa wima. Ukitaka kurudi humu, rudi na neno jingine."

Akatoka. Safari hii geti hakulibamiza.

Alirudi tena majira ya kuvuna pamba. Alisimama kizingitini bila kuvua viatu, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, na Hosiyat aliyekuwepo akaingia jikoni mwenyewe bila kuambiwa.

"Mama," Dilmurod akasema, "hakuna mtu ofisini aliyesema kitu. Picha yako sikumwonyesha mtu yeyote. Ni mimi. Nilikuonea haya."

Neno hilo lilimpiga Inobat kuliko alivyodhani, ingawa alikuwa akilijua tangu siku ya mkate. Alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kumkalisha. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Lirudie."

"Nilikuonea haya, Mama. Wewe na meno yako."

"Haya. Hilo nimelisikia. Sasa panda treni, ukalisema hivyo hivyo mbele ya Lutfiya na binti yake. Usilipake sukari."

"Na wewe, umenisamehe?"

"Bado."

Alikwenda, akalisema. Feruza alimngojesha mpaka majira ya kuchipua, kisha mkate ukamegwa, na safari hii Inobat na Lutfiya walikaa bega kwa bega, kila mmoja akitafuna polepole kwa sababu zake. Harusi ilikuwa nzuri. Mwana na mama sasa wanaongea kila wiki, wanataniana, anamletea mjukuu. Lakini zipo siku Inobat yuko peke yake anashona, ulimi unapita kwenye meno yale laini aliyoyachagua mwenyewe, na ghafla anausikia mkono wake ukishikwa na kurudishwa tumboni, taratibu, kwa adabu zote. Basi anatupa kazi chini na kuinuka, amekasirika upya kama ni jana, na Hosiyat akimuuliza kuna nini anamwambia hakuna kitu, amwache apite.